Ng'washi na Marufuku ya Mtaa wa Jineri

Ng'washi hakuwa mtu wa kununa. Kununa, alisema, ni kazi ya watu wenye nafasi. Yeye alikuwa mtu wa kufoka, tena papo hapo, mwiko mkononi, na akishamaliza kufoka anakupakulia chakula na kukuongezea mchuzi. Makuli wa jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, walimzoea. Kila mchana walijipanga mbele ya kibanda chake cha mabati, vumbi la pamba limewaganda kwenye nyusi mpaka vijana wanaonekana wazee, na ambaye hakuchokozwa na Ng'washi siku hiyo alirudi kazini akijiona hakuhesabiwa.

Alizaliwa kijiji cha Nkololo, akaolewa Bariadi mjini, akafiwa na mume mapema, akabaki na mtoto mmoja, Mboje. Kwa ugali na dagaa alimsomesha Mboje mpaka darasa la saba, na kwa mdomo wake uleule alimtafutia kazi ya kubeba marobota ya pamba. Mboje alikuwa kijana mrefu, mkimya, mwenye aibu hata mbele ya wateja wa mama yake. "Huyu alichukua upole wote wa nyumba," Ng'washi aliwaambia watu, "mimi nikaachiwa makelele." Alimpenda mtoto huyo kupita kiasi na hakuona sababu ya kuficha.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, baada tu ya mvua za elinino. Chama cha ushirika kilikuwa kimefilisika na ghala lake kubwa limefungwa kufuli. Kampuni za watu binafsi zikaingia kununua pamba, kila moja na mizani yake, kila moja na wakala wake anayeapa kwamba mizani inayoiba ni ya mwenzake. Malori yalikuja kutoka Mwanza na Dar es Salaam yakileta mitumba, redio za kaseti na sabuni za kunukia. Yakaleta na heroini. Mtaani waliiita unga, kwa sauti ndogo, na makuli waliivuta ndani ya sigara ili mgongo usiume na siku iende. Baadaye siku ilikataa kwenda bila hiyo.

Sufuria zikaanza kupotea. Kisha kuku, kisha baiskeli, kisha nguo mbichi kutoka kwenye kamba. Watu wa Mtaa wa Jineri wakakasirika, na Msukuma akiibiwa anajua pa kwenda: sungusungu, walinzi wa jadi. Mtemi wa sungusungu wa mtaa alikuwa mzee Maduhu, aliyekuwa karani wa ushirika enzi zake na ambaye mpaka sasa alitembea na funguo za ghala tupu kiunoni. Aliitisha mkutano uwanjani. Siku hiyo alivaa mabuti mapya ya mpira, zawadi kwa sungusungu kutoka kwa Kasmiri, wakala wa pamba mwenye duka pale sokoni. Kasmiri alikuwa ametoa mabuti, tochi na dume la ng'ombe la kuchinja, na aliketi mbele, karibu na mtemi, akitikisa kichwa kwa huzuni kila wizi ulipotajwa.

Wanaume walizungumza kwa kuzunguka. Ng'washi akachoka kuwasikiliza, akasimama.

"Wezi wa ng'ombe mliwafanyaje?" alifoka. "Mliwabembeleza? Mliwatenga! Basi na hawa wavuta unga watengwe, na nyumba zao zitengwe, tuone kama huo unga utawapa maji ya kunywa!"

Walimpigia makofi. Alikaa akiwa amejaa kifua, na mzee Maduhu akapitisha. Marufuku ilikuwa ileile ya tangu zamani: anayevuta unga, yeye na nyumba yake, hasalimiwi, haazimwi moto, hachoti maji bombani, hauziwi wala hanunuliwi kitu. Akipiga mwano, ule ukelele ambao Msukuma akiusikia huacha hata tonge mdomoni akakimbilia unakotoka, hauitikiwi. Atakayevunja marufuku anatozwa dume la ng'ombe.

Wa kwanza kushikwa alikuwa Salu, mtoto wa Nyamizi.

Nyamizi alikuwa jirani wa Ng'washi, ukuta kwa ukuta. Aliuza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, sokoni. Walikuwa wameazimana chumvi, wameazimana kanga za msibani, na Mboje na Salu walikuwa wameogeshwa kwenye beseni moja. Tangu siku ya marufuku, Nyamizi akipita, Ng'washi aligeukia jiko lake. Ilimuuma, na kwa kuwa ilimuuma alizidi kukaza uso. Sheria ni sheria, alijiambia. Na nani alimtuma Nyamizi kulea mwizi?

Watu hawanunui michembe ya aliyetengwa. Nyamizi aliianika, ikaingia wadudu, akaimwaga. Maji alifuata mtoni kule mbali, kwa sababu kwenye bomba la mtaa wenzake walimtazama tu mpaka akaondoa ndoo yake mwenyewe. Salu naye, kwa kukosa unga, akashikwa na kile vijana walichokiita arosto: mafua, jasho, mifupa kuuma, kutapika na kuharisha bila kukoma. Na juu yake malaria.

Mchana mmoja, makuli wakiwa kwenye foleni, ukelele ulitoka nyumba ya Nyamizi. Mwano. Mrefu, wa kupanda, wa mwanamke anayeomba watu wa kumbebea mgonjwa. Makuli waligeuza vichwa. Mmoja akaweka sahani chini, akamtazama Ng'washi. Ng'washi alikuwa anasonga ugali. Aliendelea kusonga. Mwano ukaja tena, ukaja tena, na yeye anabonyeza mwiko kwa nguvu zote, mpaka yule kuli akaokota sahani yake. Mtaa mzima ulisikia, mtaa mzima ukakaa. Nyamizi alimfunga mwanawe kwenye baiskeli kwa kanga na kuisukuma peke yake kuelekea hospitali. Salu alikata roho kabla hawajaufikia mnada wa ng'ombe.

Hakuzikwa na mtaa. Ndugu wachache walikuja kutoka Nkololo, wakachimba wenyewe, na nyumba iliyokuwa imejaa watu kwa kila msiba wa wengine ikakosa hata mtu wa kuteka maji ya kunawia. Huo ndio ushujaa wa Mtaa wa Jineri. Walimshinda kijana mgonjwa na mama mjane, wakapeana pongezi, na jioni wale waliobaki na unga wakaendelea kuvuta nyuma ya marobota kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amejiuliza unga wenyewe unatoka wapi.

Baada ya hapo Mboje akaanza kupiga miayo.

Alipiga miayo asubuhi, akapiga miayo mchana, pua inachuruzika, macho yamejaa maji. Ng'washi alisema ni vumbi la pamba. Alimpikia uji wa ulezi, akamchemshia majani, akamfokea msimamizi wake kwa kumfanyisha kazi akiwa na homa. Msimamizi akamwambia kwamba Mboje hajaonekana kazini tangu wiki iliyopita. Ng'washi akamfokea kwa kusema uongo pia. Lakini alirudi nyumbani, na alipofunua turubai mahali alipohifadhi vyombo, sufuria yake kubwa, ile ya ugali wa makuli, haikuwepo.

Siku hiyo ilikuwa ya soko. Kwa mbali alimwona Mboje akikata kati ya magari ya ng'ombe na gunia begani, na gunia lina umbo la kitu cha mviringo. Hakumwita. Alimfuata, kanga imefungwa kiunoni, mpaka nyuma ya duka la Kasmiri wakala. Pale kulikuwa na ua wa mabati na mlango nusu wazi. Akachungulia, akamwona mwanawe akiitoa sufuria guniani, na Kasmiri, yule wa mabuti na tochi na dume la kuchinja, akiigonga kwa kidole kuisikiliza, kisha akimwekea Mboje kiganjani kipande kidogo cha karatasi iliyokunjwa, yenye unga ndani.

Ng'washi akausukuma mlango.

Mali ya mtaa mzima ilikuwa humo. Baiskeli zimeegemezana. Sufuria za watu, pasi za mkaa, jembe la kukokotwa na ng'ombe, na redio ya Salu yenye antena iliyofungwa waya, ambayo Nyamizi alimnunulia mwanawe alipomaliza shule. Mboje alimwona mama yake, akachuchumaa chini na kuficha uso magotini kama mtoto mdogo. Kasmiri hakushtuka sana.

"Mama Mboje, karibu," alisema. "Mbona unahema? Chukua sufuria yako, tuyamalize. Hakuna aliyeona."

"Wewe!" Ng'washi alisema. "Kumbe ni wewe?"

"Mimi nanunua vitu. Ni soko huria." Kisha akashusha sauti, akawa karibu kumhurumia, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, fikiri. Ukisema, kijana wako anatengwa. Na wewe unatengwa, na kibanda chako. Sheria unaijua. Si uliipigia kelele wewe mwenyewe?"

Hapo ndipo palikuwa na kisu, na Kasmiri alikijua. Ng'washi alitazama sufuria. Angeweza kuibeba, amshike mwanawe mkono, arudi nyumbani na kumficha mpaka Mungu aingilie. Kesho Mboje angeleta turubai. Keshokutwa angeleta mabati. Na siku moja angelala chini anatapika, na mama yake angetoka mlangoni kupiga ukelele, na wale wanawake wa mtaa wangeendelea kusonga ugali wao kama yeye alivyosonga wake. Aliwachukia kwa hilo ambalo bado hawajalifanya. Alijichukia zaidi. Hasira ikampanda, hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa kuli yeyote aliyemkimbia bila kulipa, akatoka uani mpaka katikati ya soko, akaweka mkono mdomoni, akapiga mwano.

Kila kitu kilitupwa chini. Watu waliacha mizani inaning'inia, wakaja mbio na fimbo, wakulima wa Nkololo kutoka kwenye magari yao ya ng'ombe, makuli kutoka jineri, wanawake wamefunga kanga. Mzee Maduhu akafika akitweta ndani ya mabuti.

"Ng'ombe za nani?" watu waliuliza. "Zimeelekea wapi?"

"Hakuna ng'ombe!" Ng'washi alifoka. "Ingieni humo ndani mkaone vyenu! Mwizi mmoja ni mwanangu Mboje, nimemfumania mimi mama yake, na mnunuzi, anayewalipa kwa unga, ni huyu hapa aliyewachinjia dume mkala mkalamba vidole!"

Waliingia. Kukawa na kelele za kutambua: baiskeli yangu, pasi ya mke wangu, jembe letu. Kasmiri alikuwa akijichekesha, lakini alikuwa anarudi nyuma. Mzee Maduhu alitazama huku na kule, na kwa kuwa hakujua la kufanya alikimbilia analolijua.

"Ng'washi," alisema kwa sauti ya mkutano, "umekiri mbele ya watu. Nyumba yako kuanzia leo..."

"Nitenge!" Ng'washi alimkata. "Nitenge, baba Maduhu, lakini anzia miguuni kwako! Hayo mabuti umepewa na nani? Ulimtenga Salu mpaka akafa, kwa ulinzi ulionunuliwa na huyu! Na mimi nilikusaidia. Mimi na mdomo wangu huu!"

Watu walikuwa wanatazama mabuti.

Vijana wakaanza kuokota mawe, mtu akataja tairi na petroli, na ukweli usemwe, Ng'washi hakuwazuia. Polisi ndio waliowazuia. Walimchukua Kasmiri na kuwatawanya watu, na mtaa ukalala ukijua haki imepatikana. Kesho yake Kasmiri alikuwa ameketi dukani kwake anakunywa soda. Nani alizungumza na nani, watu wa Mtaa wa Jineri hawakuambiwa. Waliambiwa tu kwamba ushahidi haujatosha. Baiskeli zilizojaa ua mzima hazikutosha!

Mkutano wa pili haukuitishwa na mzee Maduhu. Watu walijaa uwanjani wenyewe, na yeye akaja kwa kuwa ingekuwa aibu zaidi kutokuja, amevaa kandambili. Safari hii hakuna aliyezunguka. Mkulima mmoja wa Nkololo alisema: kama soko ni huria, basi na sisi tuko huru. Kasmiri atengwe. Asiuziwe hata kilo moja ya pamba.

Ilikuwa marufuku ileile, ila sasa ilimwelekea mwenye unga mwenyewe. Pamba ya msimu ule ilipita mbele ya duka lake, gari baada ya gari, ng'ombe wanatembea polepole kana kwamba nao wameambiwa, na mizani ya Kasmiri ikakaa wazi juani. Alipandisha bei. Walipita. Akatuma watu wa kumsemea. Walipita. Mwishowe kampuni yake ikamhamishia wilaya nyingine. Alihamishwa, hakufungwa, na huko alikokwenda bila shaka alinunua mabuti mengine akagawa. Jambo hilo lilimkera Ng'washi maisha yake yote.

Lakini kabla ya hayo yote kutimia kulikuwa na Mboje, na wenzake watatu waliojitokeza au kutolewa na mama zao, na unga ulikuwa umekatika mji mzima, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwa Kasmiri. Mzee Maduhu alishikilia kwamba wavutaji wabaki wametengwa. Ng'washi alisimama kumjibu, lakini mwingine akamtangulia.

Aliyesema ni Justina, muuguzi wa zahanati ya misheni, mama wa kanisani ambaye huwa hasikiki kwenye mikutano. "Ni ugonjwa kama homa," alisema. "Una kupanda na una kushuka. Anayeumwa anataka maji yenye chumvi na sukari, anataka uji, anataka mtu wa kumshika asiondoke. Asiachwe peke yake, basi. Siwezi kukaa na wote wanne mimi mmoja."

Kisha mwanamke mmoja akasema, kwa kununa kidogo, kwamba wakati wa palizi wao huhamia shamba la huyu wote, kesho shamba la yule wote, mpaka mashamba yanakwisha. Kwani mtoto ni mgumu kuliko shamba? Wanawake wakaguna kukubali. Asubuhi mzee Maduhu alifika kibandani kwa Ng'washi, akaweka funguo za ghala la ushirika kwenye meza.

"Mkiharibu kufuli mtalipa," alisema, akaondoka bila kusubiri chai.

Wakalifagia ghala lile, wakatandika magunia na mikeka pale ilipokuwa ikilundikwa pamba ya wote. Makuli walileta maji. Wanawake waligawana zamu: wapo waliokuja kwa moyo, wapo waliokuja kwa kuogopa kusemwa, na wapo waliokaa na vijana wa wenzao huku wakiwasonya muda wote. Uji ulikuwa uleule. Sungusungu, na fimbo zao, walikaa mlangoni ili anayetaka kuingiza unga apite kwao kwanza.

Mboje alikuwa na hali mbaya kuliko wote. Alijikunja, akanyooka, akatapika, akamtukana mama yake kwa matusi ambayo Ng'washi hakujua kama mtoto huyo mpole anayafahamu, kisha akalia akimwomba amwachie aende, mara moja tu. Ng'washi alimshika. Alimfokea pia, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kumbembeleza.

Alikuwa anamfuta matapishi shingoni pale mlango ulipotiwa giza. Nyamizi alikuwa amesimama hapo, na kikapu.

Wanawake wote wakaacha walichokuwa wanafanya. Katika kelele zile zote, mikutano miwili, zamu, uji, hakuna aliyekumbuka kwamba nyumba ya Nyamizi ilikuwa bado imetengwa. Hakuna aliyekwenda kumwambia imekwisha. Amekuja bila kuitwa, amevunja marufuku kwa miguu yake, na sungusungu wa mlangoni wametazama chini akapita.

"Mwadila," aliwasalimia.

"Mwadila, mayu," wakaitikia, mmoja mmoja.

Ng'washi akataka kusimama. Alitaka kupiga magoti. "Nyamizi, mayu, nisam..."

"Sikuja kwako," Nyamizi alisema. "Kaa na mtoto."

Akachutama upande wa pili wa mkeka. Akachovya kitambaa majini, akakikamua, akakiweka kwenye paji la uso la Mboje kwa mkono ambao Ng'washi aliuona umekuwa mfupa mtupu. Alimtazama kijana kwa muda, jinsi anavyotetemeka, jinsi vinyweleo vilivyosimama kwenye mikono, jinsi anavyouma midomo.

"Salu alifika hapa," alisema, kisha akamgeukia Justina. "Wakishafika hapa, kinachofuata ni nini?"

Justina alimtazama Ng'washi, akainamisha macho. "Kinashuka, mayu. Kesho au keshokutwa atatulia. Ataomba chakula."

"Ataomba chakula."

"Ndiyo, mayu."

Nyamizi aliendelea kumfuta Mboje, taratibu, shingo, kifua, viganja. Mtoto wa mwenzake alilishika pindo la kanga yake na kuling'ang'ania, hajui ni la nani.

"Kumbe huwa inakwisha," Nyamizi alisema. "Sikuambiwa kwamba ni kitu cha kwisha."

Ng'washi, mwanawe mapajani, akalisogeza beseni la maji karibu na mkono wa Nyamizi.